Mwaka Tuliopanga Kwenda Ufaransa

Zuwena alizikwa Sur, pwani ya Oman, siku ya Jumatatu, nami nikafika Jumanne, nikitokea Nizwa peke yangu kwa gari. Chumba cha matanga kilikuwa kimejaa wanawake waliokaa chini kuzunguka kuta zote nne, na kahwa ikipita mkono kwa mkono. Nilimpa pole binti yake, Hanaa, naye akanivuta nikakaa ubavuni pake. Kila aliyeingia alimsifu marehemu kwa maneno yaleyale: alikuwa mpole, alikuwa mtulivu, hakuwa na neno na mtu. Nilisikiliza nikajiuliza wanamsema nani. Zuwena niliyemjua mimi alikuwa na neno na kila mtu, na utulivu wa Zuwena sikuwahi kuuona hata alipolala, maana usingizini alikuwa akipiga teke shuka. Baada ya kitambo Hanaa akaniinamia sikioni. "Khalati Nasra, mama alisema nyinyi mlikwenda Ufaransa mkaizunguka kwa gari, kabla mimi sijazaliwa. Baba anasema mama alikuwa anafanya mzaha tu. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. "Kule mlikuwa na kazi?" Nikamwambia hatukuwa na kazi yoyote. Aliniangalia kama mtu anayesubiri sehemu iliyobaki ya hadithi, lakini pale wanawake walikuwa wameanza Yasini, nikamwahidi kwamba nitamweleza siku nyingine. Nimerudi nyumbani Nizwa na nimeona ni afadhali niyaandike, kwa sababu mambo ya mwaka ule nikiyasimulia kwa mdomo huwa nayapunguza.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha. Mimi na Zuwena tulipangiwa skuli moja ya wasichana Ibra, mimi kusomesha Kiingereza, yeye jiografia, na kwa kuwa kwetu Nizwa na kwao Sur zote zilikuwa mbali, tulipanga nyumba ndogo pamoja. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala vilivyotazama ua, majlis ndogo ya wageni karibu na geti, na jiko lililojengwa nje kama lililosahauliwa kwenye ramani ya nyumba. Friji letu lilikoroma. Kiyoyozi cha chumba changu kilitikisa ukuta mpaka kioo kikahama kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Asubuhi tulikula mkate wa jana tuliouchoma kwa samli, mchana wali na samaki wa chumvi aliyeletwa na Zuwena kutoka kwao, na usiku chochote. Siku ya Jumatano tulikwenda soko la wanawake, ambako hakuingii mwanamume, na hapo ndipo Zuwena alipokuwa akirudi amenuna. Hatukuwahi kununua hata kipande cha kitambaa bila ya muuzaji kutuuliza sisi mabinti wa nani, wa kabila gani, babu alitoka wapi, na Kiarabu chetu kwa nini kimepinda hivi. Waliuliza kwa ukarimu, na wengine walitupunguzia bei tukishajibu. Lakini Zuwena alikuwa akisema njia nzima, "Mimi nataka nile tango tu, Nasra. Tango linataka nasaba?"

Alikuwa na Corolla nyeupe, na leseni aliyoipata baada ya kuanguka mtihani mara kadhaa. Alasiri, tukishasahihisha madaftari, alikuwa hawezi kukaa. "Yallah, vaa buibui," alikuwa akisema, na tunatoka. Tunakwenda wapi? Hatuendi popote. Tunakwenda mpaka kituo cha petroli cha njia ya Sinaw, tunanunua juisi, tunarudi. Siku nyingine tunapita kituo kile, tunakwenda mbele kidogo tu mpaka nyumba zinakwisha na changarawe inaanza, halafu anasimamisha gari na kuitazama njia inayoendelea mbele yetu kana kwamba imemtukana. Mimi pia nilikuwa na wasiwasi wangu, ila wangu ulikuwa wa ndani. Nililelewa Bujumbura kwa Kifaransa na Kiswahili, na tangu tuhamie Oman Kifaransa changu hakikuwa na mtu wa kusema naye ila mama, na mama alikitumia anapokasirika tu. Ibra nilikuwa nikijisemea peke yangu jikoni. Alasiri moja naosha vyombo huku natamka kitu tulichokaririshwa darasani tukiwa watoto, Zuwena akasimama mlangoni.

"Unasoma nini? Dua?"

"Mito."

"Mito ya wapi?"

"Ya Ufaransa. Seine, Loire, Garonne, Rhône. Tulikuwa tunachapwa tukikosea."

"Umeiona?"

"Niione wapi mimi?"

Akaingia, akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani ambazo sijamaliza kuzisuuza. "Tuna likizo ya katikati ya mwaka," alisema. "Twende tukaione. Kwa gari. Tunakodi gari, tunapita mashambani, kila mto tunashuka tunautazama, tunarudi." Nilicheka. Yeye hakucheka, na kwa namna alivyoiweka sahani ile kabatini nilijua kwamba jambo limekwisha kuanza.

Hatungeweza kusafiri hivihivi. Baba yake Zuwena alikuwa amefariki, na mlezi wake alikuwa kaka yake mkubwa, Khalfan. Bila ya idhini yake Zuwena hapati pasipoti. Na hata akipata, mama yao, Bi Rukia, asingekubali binti asafiri bila mahram, yaani ndugu wa kiume wa kumsindikiza. Kwa hiyo Khalfan ilibidi aingizwe. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha gesi kilichokuwa kikijengwa nje ya Sur, na kila akipelekwa Maskati kwa shughuli alipitia kwetu Ibra kumwona dada yake. Nilikuwa nikimjua kwa salamu tu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na kabla ya kukaa alikuwa akivua kofia akaiweka juu ya goti, kisha anaisahau na inaanguka kila anapocheka. Zuwena alimpikia mkate wa kumimina, akamwacha ale mpaka ashibe, ndipo akamwambia. Nilidhani atakataa. Akauliza, "Kwa gari la gea au la otomatiki?"

Tangu siku ile majlis yetu ikawa ofisi. Tuliacha mlango wa uani wazi, kama heshima inavyotaka, tukatandika ramani chini na kuibana kwa vikombe vya kahwa. Ramani ilitoka kwa Mfaransa mmoja aliyefanya kazi na Khalfan, na maoni ya Mfaransa yalikuja pamoja nayo. "Anasema Februari hakwendeki," Khalfan alitueleza. "Mashamba yote tope. Hoteli zimefunga, mikahawa imefunga, wenyewe wanakimbilia huku kwetu kutafuta jua. Ananiuliza, dada yako ana nini?"

"Mwambie jua analo la kutosha," alisema Zuwena.

Kwetu kule kufunga ndiko kulikokuwa na faida. Nyumba za mashambani ambazo wakati wa kiangazi hazikamatiki, mwezi ule wenyewe walikuwa tayari kumpangisha yeyote atakayewasha moto ndani. Mimi nilipiga simu. Nilisimama ukumbini na simu imebanwa begani, nikazungumza na mabibi wa mbali waliopiga kelele kana kwamba Oman iko chini ya kisima, na Khalfan na Zuwena walikaa mkao wa kusikiliza lugha wasiyoifahamu. Nikimaliza nawaambia: huyu anasema maji huganda, huyu ana mbwa, huyu anauliza kama tunakula nyama ya nguruwe. Nikigeuka nilikuwa namkuta Khalfan ananitazama. Kisha kofia inaanguka, na yeye anainama kuiokota zaidi ya muda unaohitajika.

Magari ya kukodi kule yalikuwa ya gea, na Zuwena alikuwa hajui ila otomatiki, wala hakutaka kujifunza. "Nasra ndiye atakayeendesha," alisema. "Mimi nitasoma njia." Basi Khalfan akaja na pikapu ya kazini, akanipeleka uwanja wa changarawe nje ya mji, Zuwena amebanana nasi upande wa mlango na madaftari ya wanafunzi mapajani. Khalfan alikuwa mwalimu mwenye subira kunishinda mimi darasani. "Klachi usiirukie," aliniambia. "Iachie polepole, kama unamlaza mtoto aliyeshikwa na usingizi." Gari likaruka, likazima. Likaruka, likazima. Halafu jioni moja likaondoka laini kama maji, nikabadilisha gea ya pili, ya tatu, na uwanja mzima ukaanza kutupita, na Khalfan akasema kwa sauti ndogo, "Ahsant, Nasra. Ahsant." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina bila ya kutanguliza "bibi" au "mwalimu." Zuwena hakuinua macho kutoka kwenye madaftari, ila nilimwona anatabasamu na kalamu nyekundu mdomoni.

Sikulala vizuri msimu ule. Nilikuwa nikisomesha huku nusu yangu iko safarini. Kichwani mwangu gari lilikuwa linapita katikati ya miti isiyo na majani, mvua inapiga kioo, na kiti cha mbele upande wa pili amekaa Khalfan na ramani. Zuwena katika ndoto ile alikuwa nyuma, na mara nyingi amelala. Sikumwambia mtu. Lakini nilianza kuchukia siku ambazo Khalfan hakupita Ibra, na nilianza kupika vitu vizuri siku za katikati ya wiki, nikisema nimejisikia tu kupika. Mama alikuwa akiletewa dagaa wakavu wa Tanganyika na jamaa waliotoka Bujumbura, nami nilibeba mfuko mdogo nikawapika kwa mawese na ndizi mbichi. Nyumba ikanuka mtaa mzima. Khalfan alikula mpaka akalamba vidole, akasema, "Hawa wametoka bahari gani?" Nikamwambia si bahari, ni ziwa. Akasema, "Basi ziwa lenu lina baraka."

Ilikuja Ramadhani, kisha Idi, na Zuwena akanialika Sur siku ya Idi pili. Nilimpa Bi Rukia shikamoo mlangoni, akaniitikia "marahaba, mwanangu" na kunibusu pande mbili, akanivua buibui kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya watu wa Unguja, yenye udi na mito ya tarizi, na kila kilicholiwa kiliulizwa kama kimekolea. Baada ya chakula nilijitolea kukusanya vikombe. Nilipofika ukumbini karibu na jiko na sinia mkononi nikasikia jina langu. Ndani walikuwamo Bi Rukia na dada yake, wanapakua bokoboko kwa ajili ya wageni wa alasiri.

"Mtoto ana adabu," dada yake alikuwa akisema. "Kwao hasa wapi?"

"Baba yake wa Nizwa, watu safi, hawana la kusemwa. Lakini mama yake Mrundi. Mrundi khalisi, si wa kuchanganya."

"Aa."

"Kwa urafiki, ahlan wa sahlan, nampenda kama Zuwena. Lakini mke wa Khalfan? Mama wa wajukuu zangu? Watu wa hapa wanauliza mpaka babu wa saba, nitawajibu nini?"

Khalfan aliingia jikoni kwa mlango wa uani kutaka kaa la moto la chetezo. Nilimtambua kwa kikohozi. Mama yake akamwuliza papo hapo, kwa sauti ya mzaha ambayo haikuwa mzaha: "Wewe, una neno na yule mtoto wa Nizwa?"

"Neno gani, mama?"

"Usinifanye mjinga."

Mimi nilisimama na sinia, na ninakumbuka kwamba sikuwa na hofu. Nilikuwa nasubiri jibu zuri. "Wallahi, mama," alisema, "namfundisha gari tu. Zuwena ndiye aliyenitia katika haya." Halafu nikasikia koleo, na kaa likitiwa chetezoni, na mlango wa uani.

Sikujua Zuwena yuko nyuma yangu mpaka aliponipokea sinia. Aliingia nalo jikoni, akaliweka, akasema, wala hakupandisha sauti, "Nasra yupo hapa ukumbini, mama. Kama mnataka kujua wa wapi, muulizeni mwenyewe." Nikasikia bokoboko linavyotokota. Bi Rukia akatoka na mikono ina samli, akataka kunishika uso, akakumbuka samli, akabaki ameinyoosha mikono mbele yangu kama mtu anayeomba kunawishwa. "Mwanangu," alisema, "maneno ya jikoni haya. Usiyatie moyoni." Nikamjibu, "Hapana neno, Bi Rukia." Nilitia adabu yote niliyofundishwa katika maneno yale, na nilikaa pale mpaka alasiri, nikala halwa, nikanywa kahwa, nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka.

Njiani kurudi Ibra tulipita mji wa Al Kamil. Kulipokuwa hakuna nyumba tena nikamwambia Zuwena kwamba siendi. Akasimamisha gari pembeni, matairi yakalia juu ya changarawe.

"Huendi kwa sababu yake?"

"Siendi tu."

"Nani alikwambia tulikuwa tunakwenda kwa ajili yake?" Aligeuka akanitazama, na nilimwona kwamba alikuwa na hasira na mimi pia. "Mimi nilitaka mahali ambapo hapana mtu atakayeniuliza binti nani. Hilo tu. Wewe ukaenda ukatia mwanamume ndani ya gari langu, nikakuacha, nikasema hewala, kaka yangu mwenyewe, labda itakuwa kheri. Haikuwa. Sasa haja yangu na yako zimekuwa moja, Nasra. Mpaka leo asubuhi hazikuwa moja. Na wewe leo ndiyo unasema huendi?"

Alingoja, kisha akatia gari njiani.

Ijumaa ile nilikwenda Nizwa. Mama alikuwa amekaa barazani anachagua dengu, na baba amejinyoosha kando yake na redio tumboni. Nikawaambia kwamba kaka yake Zuwena hatakwenda tena, kazi zimemzidi, na kwa hiyo safari imekufa. Baba alisema ni bora, baridi ya Ulaya si ya kuchezea, na wasichana wawili peke yao hapana, hata wakiwa walimu. Mama aliendelea kuchagua mpaka sinia la dengu likawa safi. Kisha akasema, "Nitakwenda mimi."

Baba akazima redio. "Wewe?"

"Mimi. Kifaransa changu kimelala siku nyingi, kitaoza. Masista walinifundisha kuomba chumvi na kuomba msamaha, nikajifunza mengine mwenyewe sokoni. Hawa watoto wataendesha, mimi nitasema."

"Na mahram?"

"Nimezaa watoto sita kwa ajili yako," mama alisema, "na bado unaniogopea?" Baba alicheka mpaka akakohoa, na kicheko kile ndicho kilichokuwa idhini yangu.

Idhini ya Zuwena aliileta Khalfan mwenyewe. Hakuingia majlis. Alisimama uani na karatasi, Zuwena akaichukua, akaisoma kwanza hadi mwisho, akaingia ndani na kutuacha. "Nimeambiwa ulikuwa ukumbini siku ile," alisema Khalfan. Nikamwambia nilikuwa. Alianza, "Mimi sikukusudia…" halafu hakuendelea, na mimi sikumsaidia. Ilikuwa baridi kidogo, na jirani alikuwa anamwagia maji mitende yake upande wa pili wa ukuta. "Ulisema unanifundisha gari," nilimwambia. "Ni kweli. Sasa najua. Ahsante." Alitikisa kichwa, akavaa kofia yake, akatoka. Baadaye Zuwena aliniambia kwamba Khalfan alikuwa amebishana na mama yao kwa ajili ya sahihi ile, siku kadhaa, nyumba nzima ikisikia. Kwa hiyo ujasiri alikuwa nao. Aliutoa pale ulipokuwa rahisi zaidi, nami miaka mingi nimeshindwa kuamua kama hilo nimhesabie jema au baya.

Ufaransa tuliikuta imefungwa kama tulivyoahidiwa. Tulitua, tukakodi gari dogo la kijani, na nililiondoa pale bila ya kuruka. Wanaendesha upande wa kulia kama sisi, na hilo lilinipa moyo mpaka mvua ilipoanza. Siku za kwanza tulikwenda tu. Vijiji vilipita na madirisha ya mbao yamebanwa, duka la mkate lina tangazo la kurudi mwezi wa nne, viti vya mikahawa vimefungwa minyororo. Ng'ombe walisimama kwenye tope wakatutazama. Mama alikaa nyuma amejifunika mablanketi mawili juu ya buibui, akisoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, kama mtoto aliyejua kusoma jana. Kwenye kila mto Zuwena alinisimamisha. Alishuka, akaegemea ukingo wa daraja, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na hayakuwa na uzuri wowote, na yeye alirudi garini uso umelowa na amefurahi. "Hakuna aliyeniuliza," alikuwa akisema. Hakuna aliyekuwepo.

Nyumba tuliyoipanga ilikuwa ya mawe, mwisho wa njia ya shamba, na ilikuwa na baridi hata karibu na moto. Hapo Zuwena akashikwa na homa. Jioni alitetemeka tukadhani ni baridi, asubuhi alikuwa hamtambui mama, na simu ya nyumba ilikuwa haifanyi kazi. Nilitaka kutia gari moto nimpeleke sijui wapi. Mama akanizuia, akajitanda shuka kichwani, akashuka peke yake kwenye tope mpaka nyumba ya shamba la jirani iliyokuwa inatoa moshi. Nilimwangalia dirishani. Akabisha. Mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira akafungua, na wakasimama wanazungumza kwa muda mrefu, mama anaonyesha nyumba yetu kwa mkono. Walirudi wawili. Yule mwanamke aliita daktari kwa simu yake, akaleta kuni na supu ya viazi, akakaa. Homa ilikuwa ya mapafu. Safari yetu iliyobaki yote ilikwisha ndani ya chumba kile, mama akimwosha Zuwena kwa maji ya uvuguvugu, akimlisha kwa kijiko, akimwimbia Kirundi alichokuwa hajatuimbia sisi tangu tulipokuwa wadogo. Mwanamke wa shamba alimwuliza mama Kifaransa kizuri namna ile, cha zamani namna ile, kakipata wapi. "Kwetu," mama alimjibu, na yule akaridhika na jibu.

Siku Zuwena alipopata nafuu na kulala, nilimwambia mama kwamba nilimdanganya kuhusu kazi za Khalfan. Alikuwa anakunja nguo. "Mwanangu," alisema, "nimekaa nchi ile miaka yote hii. Unadhani nahitaji kutafsiriwa?"

Tuliporudi, Zuwena alikwenda Sur kupumzika, na kule akasimulia. Alisimulia jinsi anavyojua yeye, bila ya kumwachia mtu pumzi. Mitende ilikuwa inachanua, watu wanaichavusha kwa mkono, wakati gari mbili zilipofika kwetu Nizwa. Khalfan alikuja na ami zake, wakakaa majlis na baba. Bi Rukia aliingia ndani kwa wanawake na sahani kubwa ya halwa, akamwona mama, akaweka sahani chini, akambusu kichwa. Alilia kweli. "Umenirudishia mwanangu," alisema. "Mimi leo nimekuja kukuomba wako." Mama alimpokea kwa kila heshima, akamweka juu ya mto, akammiminia kahwa kwa mkono wake. Aliponifuata chumbani nilimwuliza anataka nijibu nini. "Mimi nimekwisha kumsamehe," alisema. "Kusamehe ni kwangu. Kuolewa ni kwako."

Baba alikuja na swali lilelile, amesimama mlangoni. Na nilimpenda Khalfan. Sitaki mtu asome hapa afikiri vingine. Lau angesema jikoni siku ile hata "sijui, mama," ningeingia nyumba ile na kuvumilia maswali ya mababu wote saba. Lakini Mrundi aliyekuwa hafai siku ya Idi alifaa baada ya kuuguza, na mimi niliona kwamba nikikubali nitakaa maisha yangu yote kama shukrani iliyotolewa na watu waungwana. "Wamekuja kushukuru, baba," nilisema. "Waambie shukrani tumeipokea." Baba alinitazama sana, kisha akaenda. Juzi matangani nilimpa Khalfan mkono wa pole mlangoni. Ana mvi na wajukuu. Aliniuliza njia ya kutoka Nizwa siku hizi ikoje, nikamwambia imepanuliwa, ni nzuri, na tukaachana.

Nililoogopa lilikuwa Zuwena. Nilirudi Ibra Ijumaa jioni, nikamkuta amekwisha fika, yuko jikoni anaosha mchele, na mgongo wake ulikuwa haunisemeshi. Nimemkataa kaka yake, nimemrudisha mama yake na machozi, na nyumba ile tulikuwa nayo mpaka mwisho wa mwaka. Nilisimama mlangoni nikatafuta namna ya kuanza. Alimwaga maji, akatia mengine, akaukoroga mchele kwa vidole.

"Basi," alisema bila ya kugeuka, "mwakani tunakwenda wapi?"

Yeye akaendelea kuosha mchele, akaanza kutaja nchi moja baada ya moja, na kila aliyoitaja mimi niliikataa, hiyo ina joto, hiyo ina vita, hiyo haina mito, mpaka wote wawili tukawa tunacheka na mchele umekwisha kuoshwa zamani.